Barua ya Wazi kwa Bodi ya Maktaba: Zile Tisini na Tisa Zilienda Wapi?

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Maktaba,
Nakala kwa Mkutubi Mkuu.

Waheshimiwa,

Mintarafu: Majarida 37 ya katuni yaliyokatwa baada ya kukabidhiwa maktaba yenu

Baada ya salamu. Nimewaandikia barua tatu kwa njia ya kawaida. Ya kwanza iligongwa mhuri wa mapokezi mbele ya macho yangu. Ya pili niliambiwa imo kwenye faili. Ya tatu hata huyo mwenye faili hakuiona. Nimekuja mwenyewe mara mbili. Mara ya kwanza nilipokewa vizuri, nikapewa kiti na chai, nikaambiwa nirudi Jumatatu, na Jumatatu nikaambiwa mhusika yuko semina. Sina ugomvi na mfanyakazi wenu hata mmoja. Lakini mali ninayoizungumzia ni ya umma sasa, basi na umma usikie.

Kilichonitoa ndani ni swali la mtoto. Jumamosi huwa nafundisha vijana wachache kuchora, pale barazani kwetu. Mwezi uliopita msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alikuja na daftari, kanakili maneno kutoka kwenye kibao cha maonyesho yenu: jarida la Captain America lilianza mwaka 1968, toleo lake la kwanza ni namba 100. Akaniuliza, "Mwalimu, zile tisini na tisa zilienda wapi?"

Zile tisini na tisa, waheshimiwa, thelathini na sita kati yake mlikuwa nazo nyinyi. Mmezikata.

Kwa asiyejua habari hii: marehemu mjomba wangu alikuwa baharia. Alipanda meli za mizigo Kilindini miaka ya sitini, na kila alipofika bandari za Marekani alinunua gazeti moja la picha, Tales of Suspense, senti kumi na mbili. Kiingereza chake kingi alikipata humo, ndiyo maana hata uzeeni alikuwa akimkemea paka kwa maneno ya Captain America. Alipofariki tulikuta sanduku lake la bati likiwa na majarida 37 yaliyopangwa kwa namba, karatasi ya kahawia katikati ya kila moja na karafuu kwenye pembe za sanduku. Mwaka 2019 familia ilikaa, ikakubaliana yaletwe kwenu. Karatasi ya makabidhiano ina sahihi zetu na yenu, na ina maneno "yatunzwe yalivyo".

Mwaka jana nilipokuja kuyaangalia, sikuyakuta. Nilikuta vitabu viwili vilivyojalidiwa kwa ngozi ya plastiki, kimoja chekundu kimeandikwa Iron Man, kingine cha buluu kimeandikwa Captain America. Mjalidi alikuwa amefungua pini, akachambua kurasa, akampa kila shujaa zake, na zilizobaki zikaenda stoo ndani ya gunia. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmekata kitu kimoja mkadhani ni viwili.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye shina la jambo.

Tales of Suspense ilitoka mara ya kwanza kwa tarehe ya jalada ya Januari 1959, mwezi mmoja na ndugu yake Tales to Astonish. Haikuwa na shujaa yeyote. Ilikuwa kapu: hadithi fupi fupi za majitu kutoka sayari nyingine, maroboti, mazimwi yenye majina ya kuchekesha, na tapeli anayelipwa ubaya wake kwenye picha ya mwisho. Wachoraji walikuwa akina Jack Kirby, Steve Ditko na Don Heck.

Mchapishaji wake, Martin Goodman, mwenye kampuni iliyokuja kuitwa Marvel, alikuwa ametoka kuponea chupuchupu. Mwaka 1957 alikabidhi usambazaji wa magazeti yake kwa American News Company, na baada ya miezi michache kampuni hiyo ikaacha kazi ya usambazaji. Akabaki na bidhaa bila mchukuzi. Aliyemwokoa ni Independent News, na Independent News ilikuwa mali ya National, wenye Superman na Batman, yaani washindani wake wenyewe. Walikubali kumbebea mzigo kwa sharti la majarida manane tu kwa mwezi. Ni sawa na muuza mahamri ambaye mahamri yake yanapelekwa sokoni na mkokoteni wa muuza mahamri wa mtaa wa pili: atakubebea, lakini sinia ngapi, yeye ndiye atakayesema.

Sasa mtu mwenye nafasi nane, na mashujaa wanaozaliwa kila msimu, atafanya nini? Atawapangisha wawili wawili chumba kimoja. Ndivyo ilivyokuwa. Iron Man aliingia Tales of Suspense namba 39, Machi 1963. Alipewa kurasa kumi na tatu, na nyuma yake zikaendelea hadithi fupi za mtindo wa zamani kama kwamba hakuna mgeni aliyefika. Toleo lile vazi lake la chuma lilikuwa la kijivu. Lililofuata likawa la dhahabu. Namba 48 ndipo Ditko alipomshonea lile jekundu na dhahabu ambalo watoto wetu wanalijua leo. Namba 58 akapigana na Captain America. Namba 59, Novemba 1964, Captain America akahamia ndani moja kwa moja, na tangu hapo hadi namba 99, matoleo arobaini na moja, wawili hawa waliishi nyumba moja. Jalada mara nyingi walipokezana, mwezi huu la huyu, mwezi ujao la yule. Nimeona mmeyagawa majalada kwa kuangalia nani kachorwa mkubwa zaidi. Pale walipochorwa sawa, sijui mlirusha sarafu.

Kuishi chumba kimoja kulibadilisha hata uchoraji. Hadithi ya kurasa kumi haina nafasi ya kupiga soga. Chukueni hadithi yoyote ya Captain America ya Kirby ya miaka ile: ukurasa wa kwanza tayari mtu yuko hewani kapigwa ngumi, na ukurasa wa mwisho unakuacha mguu mmoja ndani mmoja nje, usubiri mwezi mzima. Ukizipanga mfululizo kitabuni, bila Iron Man katikati na bila mwezi wa kusubiri, zinasomeka kama mtu anayekimbia bila kuhema. Msomaji wa leo atasema Kirby alikuwa na papara. Kumbe ni mjalidi wenu.

Na kuna jarida la 37, ambalo si Tales of Suspense. Agosti 1966 ugomvi wa Iron Man na Sub-Mariner, yule mfalme wa chini ya bahari, ulikuwa umepamba moto katika namba 80, kisha ukavuka ukaendelea kwa jirani, Tales to Astonish namba 82. Msomaji alilazimika kutoa senti kumi na mbili nyingine. Mjomba alizitoa, akalipachika jarida lile mahali pake hasa, baada ya namba 80. Mjalidi hakujua aliweke wapi. Halimo katika kitabu chekundu wala cha buluu.

Jibu la yule msichana sasa. Mwaka 1968 Goodman aliuza kampuni yake kwa Perfect Film & Chemical, na masharti ya usambazaji yakalegea. Wapangaji wakapata nyumba zao. Captain America alibaki na namba za nyumba ya zamani: Tales of Suspense 99 ya Machi ikafuatwa na Captain America 100 ya Aprili. Iron Man alikaa toleo moja na Sub-Mariner kumalizia kodi, kisha Mei akaanza namba 1 yake. Hiyo ndiyo habari yote, na ilikuwa ikionekana wazi kwa mtu yeyote ambaye angelifungua sanduku na kupitisha kidole kwenye namba. Sasa haionekani tena popote katika jengo lenu.

2. Mlichokiita takataka.

Guniani mmetia kurasa za barua za wasomaji, matangazo, na hadithi za nyuma kutoka matoleo manne ya kabla ya namba 59. Hizo hadithi za nyuma zilikuwa za Watcher, yule mzee wa mwezini anayetazama ulimwengu na kusimulia, zilizoanza namba 49. Zilikuwa uzi wa mwisho wa lile kapu la 1959 kabla Captain America hajachukua nafasi. Mjalidi wenu kaona hakuna shujaa, kazitupa.

Kurasa za barua ndizo zinaniuma zaidi. Safu ile iliitwa Mails of Suspense, na hata kuwepo kwake kuna sababu: posta ya Marekani ilitaka jarida liwe na kurasa za maandishi ndipo lipate nauli nafuu. Zamani walijaza kwa vihadithi ambavyo sidhani kama kuna mtu alivisoma. Baadaye wakawapa wasomaji.

Na wasomaji hawakuwa mapambo. Captain America aliumbwa na Joe Simon na Jack Kirby, jarida lake likatoka kwa tarehe ya Machi 1941, nalo pia lilikuwa la mchanganyiko. Ndani mlikuwa na Hurricane na Tuk, mtoto wa mapangoni. Vita vilipokwisha watu wakamchoka. Mwaka 1949 jarida likageuzwa jina kuwa Captain America's Weird Tales, likajaa vitisho, na toleo la mwisho la zama zile, namba 75 la Februari 1950, yeye mwenyewe hayumo kabisa. Mpangaji kafukuzwa, jina lake bado liko mlangoni. Alijaribiwa tena miaka ya hamsini, akashindwa. Halafu Novemba 1963, jarida jingine la mchanganyiko, Strange Tales namba 114, likaleta Captain America ambaye mwishoni anagundulika ni mhalifu aliyevaa nguo zake, na chini yake wasomaji wakaombwa waandike kama wanamtaka yule wa kweli. Machi 1964 yule wa kweli akarudi, katika The Avengers namba 4. Mtu anayetupa kurasa za barua za miaka hiyo anatupa mazungumzo ya pande mbili na kubakisha upande mmoja.

Kisha kuna tangazo moja. Ni la klabu ya wasomaji, Merry Marvel Marching Society, ada dola moja, na lina kuponi ya kukata. Mjomba aliijaza kwa penseli: jina lake, sanduku lake la posta, Mombasa, Kenya, kwa zile herufi zake za kulala. Hakuituma. Utotoni nilimuuliza kwa nini. Akanigeuzia ukurasa, akanionyesha: nyuma ya kuponi ndipo palipokuwa na miguu ya Captain America. "Nikiikata," akasema, "huyu ataruka na nini?"

Ukurasa huo haumo katika kitabu cha buluu. Nimetafuta mara mbili.

3. Fotokopi.

Hili ni fupi. Karatasi ina nyuso mbili. Pale ambapo ukurasa wa mwisho wa Iron Man uko mgongoni mwa ukurasa wa kwanza wa Captain America, mmempa mmoja karatasi ya asili na mwingine fotokopi nyeusi na nyeupe. Nimehesabu kurasa kumi na tisa za fotokopi. Katika moja, vazi lile la Ditko limekuwa rangi ya majivu, na mtoto mmoja ameshapaka nyekundu kwa kalamu ya mafuta. Simlaumu mtoto.

4. Majina katika orodha yenu.

Kila kadi imeandikwa "Mwandishi: Stan Lee", aliyekuwa mhariri wa majarida haya, basi. Hadithi ya kwanza ya Iron Man, Lee alitoa wazo, mdogo wake Larry Lieber akaandika maneno, Don Heck akachora, na vazi lenyewe akalibuni Kirby kwa ajili ya jalada. Baadaye kazi nyingi zilifanywa hivi: mchoraji anapewa muhtasari, wakati mwingine wa mdomo tu, anakwenda kuitunga hadithi kwa picha, na maneno yanatiwa baada ya michoro kurudi. Katika kazi ya namna hiyo, kumwandika mmoja peke yake ni kudhulumu. Jina la Joe Simon, mmoja wa waliomuumba Captain America, halimo katika kadi hata moja.

Kinyume chake, mna kadi za watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Adam Austin, aliyechora Iron Man kuanzia namba 73, ni Gene Colan. Gary Michaels aliyempigia wino ni Jack Abel. Mickey Demeo ni Mike Esposito, na Frank Ray ni Frank Giacoia. Walijificha kwa sababu walikuwa wakipata riziki pia kwa kampuni nyingine, na hawakutaka tajiri wa huku ajue wanachofanya kwa tajiri wa kule. Sisi watu wa pwani tunalielewa hilo bila kuelezwa. Hao ni watu wanne wenye kadi nane, ikiwa mtaziongeza kadi zao halisi.

Msiseme ni mambo madogo. Kirby alihangaika miaka ya themanini kurudishiwa michoro yake ya mkono, akaambulia sehemu tu ya maelfu ya kurasa alizochora, na warithi wake walifikia mapatano na Marvel Septemba 2014, miaka ishirini baada ya kifo chake. Upande wa pili, Bill Finger aliyemjenga Batman pamoja na Bob Kane alikufa 1974, na jina lake likaja kutambuliwa rasmi 2015. Watu hawa walidhulumiwa majina na waliowaajiri. Maktaba isiwe mkono wa pili wa dhuluma hiyo.

5. Kibao cha Black Panther.

Kibao chenu kinamtaja kama shujaa "aliyeletwa na sinema". La. T'Challa wa Wakanda alitokea katika Fantastic Four namba 52, Julai 1966, kazi ya Lee na Kirby. Na alikuwamo humo humo sandukuni: katika matoleo ya mwisho ya Tales of Suspense, mwanzoni mwa 1968, anapigana bega kwa bega na Captain America. Pembeni mwa toleo namba 98 mjomba aliandika kwa penseli neno moja, "wetu". Penseli hiyo nimeiona katika kitabu cha buluu, nusu yake imeliwa na gundi ya mjalidi.

Mngetaka kusema jambo la maana kuhusu Panther na majarida ya mchanganyiko, semeni habari ya Jungle Action. Lilianza mwaka 1972 kwa kuchapisha upya hadithi za miaka ya hamsini, za Wazungu wakijitamba msituni na Waafrika wakibeba mizigo. Mwaka 1973 mwandishi Don McGregor akapewa jarida hilohilo, akawatoa wale wote, akamweka T'Challa nchini kwake, kati ya watu wake, na wachoraji Rich Buckler na baadaye Billy Graham, Mmarekani mweusi. Jina la jarida lilibaki lile lile la kuudhi. Mtoto akioneshwa majalada mawili, la kabla na la baada, hahitaji kibao.

Sasa najua mtakayosema, kwa kuwa mengine nimeshaambiwa mlangoni.

Mtasema karatasi ni mbovu na ingekufa. Ni kweli ni karatasi ya gazeti, ina asidi, inageuka manjano na kukatika. Lakini ilikaa miaka hamsini na kitu katika joto la Mombasa ndani ya sanduku la bati la mtu asiye na shahada ya ukutubi, ikafika kwenu pini zake zikiwa hazina kutu ya kutisha. Wembe hautibu asidi.

Mtasema wasomaji wanataka mashujaa, hadithi nyingine hazina thamani. Mwaka 1938, Action Comics namba 1 ilikuwa jarida la mchanganyiko la kurasa 64, na Superman wa Jerry Siegel na Joe Shuster alipewa kurasa 13 tu. Zilizobaki walishika wengine, akiwemo Zatara mwanamazingaombwe. Mwaka 1956 National walianzisha Showcase mahususi kwa kuonja: toleo la kwanza la wazima moto, la nne la Flash. Wazima moto hawakurudi na Flash yuko hadi leo, lakini aliyeshika namba 1 dukani siku ile hakujua. Amazing Fantasy ilikuwa inazikwa Agosti 1962, na kwa kuwa ilikuwa inazikwa, toleo lake la 15 likaachiwa kijana mmoja aliyeumwa na buibui. Mashujaa wenu wote walianza wakiwa wageni kwenye kapu la wengine. Ukiwatoa kapuni, utawaeleza watoto walitoka wapi?

Na hapa nina shahidi mkubwa kuliko mimi. Mwaka 2008 mtu asiyejitaja aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani michoro ya asili ya Ditko ya toleo hilo la 15. Ni kurasa 24: hadithi ya Spider-Man, pamoja na hadithi nyingine tatu fupi za toleo hilohilo ambazo hakuna aliyezitengenezea sinema. Zote zimetunzwa pamoja. Kama mnapenda zaidi ushahidi wa fedha, Septemba 2021 nakala moja ya jarida hilo iliuzwa mnadani dola milioni 3.6. Iliuzwa nzima, na hadithi zake zote nne.

Mtasema zimeshapigwa skana. Nimeziona hizo skana. Zilipigwa baada ya kukata.

Na yule bwana aliyeniambia "hivi ni vitu vya watoto", nitamjibu kwa heshima kwamba nyumba yake ni maktaba, na watoto ndio wengi wa wanaoingia.

Ninayoyaomba si makubwa. Gunia la stoo lisiguswe na mtu wa usafi. Liorodheshwe mbele ya shahidi mmoja wa familia. Vitabu viwili vifunguliwe na fundi anayejua kazi, si yule wa awali, na kila karatasi irudi katika jarida lake, kurasa kwa mpangilio wake, jalada juu, pini mpya za chuma kisichoshika kutu. Mpangilio ninao mimi: mjomba aliweka daftari la kila toleo alilonunua, bandari gani, mwezi gani, na mimi nimejaza hadithi na kurasa kwa kulinganisha. Nitaleta nakala na nitafanya kazi hiyo bila malipo, Jumatatu hadi Alhamisi, alasiri. Tales to Astonish 82 lirudi baada ya 80. Kadi zitengenezwe upya na majina ya wote wanaojulikana, na wale wanne wapewe majina yao. Kibao cha Captain America kiandikwe upya, na mtoto aliyeuliza aitwe kukisoma kabla hakijatundikwa.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku thelathini. Lisipopatikana, familia itaomba mali irudi chini ya yale maneno mawili ya karatasi ya makabidhiano. Nakala yake ninayo, ina sahihi ya mtangulizi wa Mkutubi Mkuu.

Tukikuta kwenye gunia ile kuponi, tafadhali isibandikwe popote mpaka nije. Nataka kuona kwanza kama miguu iko.

Wenu katika kusoma,

Mpwa wa baharia,
Mombasa